SHAURI LA NYUMBANI: Punje Tamu na Magoti ya Wazee

Juma lililopita, siku ya Jumanne asubuhi, mama mmoja wa kigango cha mbali aliingia ofisini kwangu na kitambaa kilichofungwa fundo. Nilidhani ameleta zaka, nikafungua daftari. Kumbe ndani ya fundo mlikuwa na vichupa vitatu vidogo, kila kimoja kimejaa punje nyeupe kama mtama. Kijana wake afanyaye kazi mjini ndiye aliyevileta, ili atibiwe babu wa nyumba, yaani baba mkwe wake yule mama, ambaye sasa amepita miaka 80. Mzee huyo magoti yamuuma, kichwa chamzunguka akigeuka kitandani, na usiku hapati usingizi.

"Karani," akaniambia, "wewe umesoma. Maandishi haya si Kiswahili wala si Kiingereza. Nichagulie kilicho chake."

Nikavipanga mezani. Kimoja kimeandikwa Rhus tox 30C, cha pili Bryonia 30C, cha tatu Conium 30C. Ni majina ya Kilatini. Ningaliweza kumjibu upesi, maana nayajua kwa sababu nitakayoieleza mbele. Lakini sikumjibu. Nilimwuliza jambo moja tu: "Mzee ana vidonge vya hospitali?"

Akasema anavyo, vya presha.

"Anavinywa?"

Akatazama chini. "Aliviacha siku tisa sasa, ili dawa hii mpya ipate kufanya kazi."

Hapo moyo wangu ulishtuka. Nikamwomba asikae hata kunywa chai, arudi nyumbani ampeleke mzee zahanati siku ile ile akapimwe, na swali la vichupa nitamjibu baadaye. Najua si yeye peke yake mwenye swali hili. Punje hizi zauzwa mijini, na watoto wetu wenye mapenzi mema wazituma vijijini pamoja na sukari na sabuni. Basi leo nalijibu hapa, mbele yenu nyote.

Kwanza tujue zimetoka wapi. Dawa za namna hii zaitwa homeopathi. Mwanzilishi wake ni daktari Mjerumani, Samuel Hahnemann, aliyezaliwa katika mji wa Meissen mwaka 1755. Hakuwa mtu wa ovyo. Alijua lugha nyingi, na kwa muda alijipatia riziki kwa kutafsiri vitabu vya waganga. Mwaka 1790, alipokuwa akitafsiri kitabu cha daktari Mskoti, William Cullen, alisoma habari za gome la mti wa sinkona, ambalo ndilo latoa kwinini. Sisi watu wa nchi za homa twaijua kwinini, uchungu wake na mlio wake masikioni. Hahnemann hakuridhika na maelezo ya kitabu, akalinywa gome lile mwenyewe siku kadhaa, hali haumwi. Akaona mikono na miguu yapoa, moyo wapiga mbio, mwili watetemeka, kana kwamba ameshikwa na homa yenyewe. Akawaza: kumbe kitu kimtiacho mtu mzima dalili za ugonjwa ndicho kitakachomponya mgonjwa mwenye dalili hizo hizo. Juu ya wazo hilo alijenga tiba yake yote, na mwaka 1810 akatoa kitabu chake kikuu, Organon.

Kwa kanuni hiyo, Rhus tox yatokana na mmea wa Amerika ya Kaskazini uwashao ngozi kama upupu wetu. Bryonia ni mzizi wa mmea utambaao wa Ulaya, nao ni mkali tumboni. Conium ni mmea wa sumu, ndiyo ile sumu aliyonyweshwa Sokrates wa Ugiriki hata akafa, mwaka 399 kabla ya Kristo. Wenye tiba hii husema hivi: mzee ambaye goti lake lakaza asubuhi lakini lalegea akitembea, huyo apewe Rhus tox. Ambaye goti lauma zaidi kila akilitikisa, apewe Bryonia. Na ambaye kichwa chamzunguka akigeuka kitandani, apewe Conium. Mwaona basi kwamba ningaliweza kumchagulia yule mama kwa kitabu chao, na ningalionekana mjuzi.

Je, yule mzee atakuwa amepewa sumu ya Sokrates? La, msiogope. Hapa ndipo penye ajabu yenyewe. Ile 30C iliyoandikwa kichupani yaonyesha jinsi dawa ilivyozimuliwa. Chukua tone moja la maji ya mmea, uliweke katika matone 99 ya maji au spiriti, utikise sana. Hiyo ni mara ya kwanza. Katika chupa hiyo chukua tone moja tu, uliweke tena katika matone mengine 99, utikise. Hiyo ni mara ya pili. Ukifika chupa ya 12, hesabu za wataalamu wa kemia zaonyesha kwamba yawezekana haikubaki hata chembe moja ya ule mmea. Ukifika chupa ya 13, ni kama tone moja lililoenezwa katika maji kupita ya bahari zote za dunia. Na wao waendelea mpaka chupa ya 30. Kisha maji hayo hudondoshwa juu ya punje za sukari, yakauka. Hahnemann alisema kutikisa huko ndiko kunakotia nguvu. Lakini mtu akizipima punje zenyewe, ataona sukari.

Mtu atauliza: kama ni sukari, mbona watu wengi na wenye akili walizifuata? Swali ni la haki, na jibu lake ni kwamba dawa za waganga wengine wa siku zile zilikuwa za kutisha. Mgonjwa alitolewa damu kwa kisu, akapewa zebaki, akatapishwa na kuharishwa hata akaishiwa nguvu. George Washington, rais wa kwanza wa Marekani, alipopatwa na ugonjwa wa koo Desemba 1799, akiwa na miaka 67, alitolewa damu mara kadhaa kwa siku moja, akafa usiku ule. Mgonjwa wa Hahnemann alipewa punje, akaachwa apumzike, akanywa maji. Kipindupindu kilipoingia London mwaka 1854, hospitali ya homeopathi ilipoteza wagonjwa wachache kuliko nyingine nyingi, nayo haikuwa ajabu: kutofanya kitu kulikuwa afadhali kuliko kumtoa damu mtu aliyekwisha kukauka. Hata mapadre walishika dawa hizi. Padre Augustus Müller, Mjesuiti Mjerumani, alifungua zahanati ya homeopathi kwa maskini huko Mangalore, India, mwaka 1880, na baadaye nyumba ya wenye ukoma. Zahanati ile imekua, sasa ni hospitali kubwa yenye madaktari wa upasuaji na wa kila namna. Hahnemann mwenyewe alikufa Paris mwaka 1843, naye alikuwa mzee wa miaka 88. Simdharau hata kidogo.

Lakini hospitali za leo si zile za kisu na zebaki, na punje nazo zimepimwa. Kupima kwenyewe ni rahisi kueleweka. Wagonjwa hugawanywa mafungu mawili. Fungu moja hupewa punje zilizotiwa dawa, jingine punje za sukari tupu, wala hakuna ajuaye amepewa zipi. Kisha huhesabiwa waliopata nafuu. Mwaka 2015 baraza la utafiti wa tiba la Australia lilitazama majaribio 176 ya magonjwa 61, lisione hata ugonjwa mmoja ambao ingeweza kusemwa kwa hakika kwamba homeopathi yautibu. Uingereza mwaka 2017 waliwashauri madaktari wa serikali wasiziandike tena. Ufaransa, ambako wazee wengi walizizoea tangu utoto, bima ya serikali iliacha kuzilipia kuanzia Januari 2021. Na Shirika la Afya Duniani lilikwisha kuonya mwaka 2009 kwamba zisitumiwe kutibu malaria, kifua kikuu, UKIMWI, wala kuharisha kwa watoto.

Mzee wako atakwambia: "Maneno hayo ni ya wazungu na vitabu vyao. Mimi nilikunywa, goti likapoa." Usimwite mwongo. Goti lilipoa kweli. Maumivu ya goti la uzee huja kama mawimbi, leo juu, kesho chini. Nasi huitafuta dawa siku wimbi lilipo juu kabisa. Ukinywa chochote siku hiyo, hata maji ya mtungi, juma lijalo utakuwa na nafuu, na sifa itakwenda kwa mtungi. Tena mtu aliyeketishwa akasikilizwa, akaulizwa habari zake, akapewa kitu mkononi chenye jina lake, huyo moyo hutulia, na maumivu hupungua makali. Hilo nimeliona kwa macho yangu, nalo ndilo lililonifanya niyajue majina yale ya Kilatini.

Bibi yangu mzaa mama ndiye aliyenilea. Miaka minne iliyopita alikuwa na miaka 74. Alikuwa akinywa vidonge viwili vya presha kila asubuhi, akivifuata zahanati kwa miguu, mwendo wa saa moja na nusu. Magoti yakaanza kumkataza kwenda jumuiya. Ndugu yangu mmoja, mtoto wa mama mkubwa, akasikia kuna bwana mmoja mjini atibuye wazee kwa punje, nami nikampeleka bibi kwa basi.

Yule bwana alimketisha karibu saa nzima. Alimwuliza hulalia ubavu gani, anapenda joto au baridi, anaota ndoto gani, akilia hulia mbele za watu au peke yake. Alimwuliza habari za babu aliyekufa. Bibi alizungumza kama sijapata kumwona akizungumza. Tulipotoka alinishika mkono, akasema, "Mume wangu, yule bwana amenisikia." Zahanati hakuna aliyemsikiliza zaidi ya dakika mbili. Siwalaumu wauguzi, maana nyuma ya bibi yangu palikuwa na watu 50 juani.

Malipo yalikuwa shilingi elfu arobaini, pamoja na vichupa vinne. Na masharti: asinywe kahawa, asijipake kafuri wala dawa yoyote ya minti, na vidonge vya hospitali aviweke kando majuma sita, kwa kuwa vyaizima nguvu ya punje.

Wasomaji wapenzi, mimi nilisomea ualimu. Chuoni tulifunzwa kuandika vizuri ubaoni, na watu husifu mwandiko wangu kila wasomapo matangazo mlangoni pa kanisa. Basi usiku ule nilikaa na taa, nikamwandikia bibi karatasi safi: asubuhi kichupa hiki, punje tano chini ya ulimi, jioni kile. Nikachora mistari kwa rula, na vijumba vya siku, ili apige alama kila akinywa. Vidonge vya presha sikuviandika. Niliwaza kidogo, nakiri. Nikasema moyoni, mwenye kazi yake ndiye ajuaye.

Majuma ya kwanza yalikuwa mazuri. Alikwenda jumuiya, alikwenda hata kwenye maziko ya mtaa wa pili. Watu wakaniuliza njia ya kwa yule bwana, nami nikawaelekeza. Juma la tano, asubuhi, bibi alikuwa ameshika kikombe cha uji, kikamtoka mkono wa kuume kikavunjika. Akataka kuniita, zikatoka sauti zisizo maneno. Mdomo ulikuwa umekwenda upande. Majirani wakajaa. Mmoja akataka kumchua, mwingine akataka kumnywesha maji, na ndugu yangu akataka kumwekea punje chini ya ulimi. Nami nilisimama tu. Saa nne zilipita kabla hatujapata gari. Hospitali walimpima presha, wakakuta 210 kwa 120. Kiharusi.

Hakufa, twashukuru. Lakini mkono wa kuume haushiki kitu hata leo, na jina langu halitamki sawasawa. Nilipofika nyumbani kuchukua nguo zake, niliikuta karatasi yangu ukutani, imebandikwa kwa ugali. Vijumba vyote vya majuma manne na siku tatu vilikuwa na alama ya mkaa, asubuhi na jioni. Hakukosa hata mara moja.

Yule bwana simtaji, na kosa si lake peke yake. Wala punje hazikumdhuru bibi, maana sukari punje tano haimwangushi mtu. Kilichomwangusha ni kile ambacho hakikuandikwa.

Sasa, mwenye mzee nyumbani atamchagulia nini?

Anza kwa kumwaga mezani vyote anywavyo. Nasema vyote: vidonge vya zahanati, vya duka, mizizi iliyochemshwa, unga wa kwenye gazeti, punje, mafuta ya kuchua. Mwenye kumhudumia mzee mara nyingi ajua nusu tu, nusu nyingine iko chini ya mto. Vitie vyote katika mfuko mmoja, uende nao kwa mganga wa zahanati. Mwili wa mzee si mwili wa kijana. Figo na ini zafanya kazi polepole, na dawa iliyokwisha kutoka kwa kijana jioni, kwa mzee bado imo asubuhi. Ndiyo maana mara nyingine dawa bora ya mzee ni ile anayopunguziwa. Lakini apunguze aliyeiandika. Dawa nyingine za presha zikikatwa ghafula, presha hurudi juu kwa kishindo kuliko ilivyokuwa.

Magoti. Mwenye duka atakupa diklofenaki au ibuprofeni upesi, na kweli zatuliza. Lakini kwa mzee, hasa wa presha, dawa hizo hupandisha presha, huumiza figo, na huweza kumtoboa tumbo pasipo kumwonya. Usimpe kwa shauri la duka. Parasetamoli ni salama zaidi ikitumiwa kwa kiasi. Kidonge cha kawaida ni miligramu 500, na mtu mzima haruhusiwi kupita vidonge 8 kwa mchana na usiku, naye mzee aliyekonda au mwenye ugonjwa wa ini apewe pungufu ya hapo kwa shauri la mganga. Angalia pia, vidonge vingi vya mafua vina parasetamoli ndani yake, usije ukampa mara mbili bila kujua. Mpashe goti kwa kitambaa cha maji ya moto. Akiwa ameketi kitini, anyooshe mguu mbele, auzuie akihesabu mpaka tano, aushushe, mara kumi kwa kila mguu, kila siku. Paja likipata nguvu, goti hupata mpagazi. Na fimbo, jamani, fimbo! Wazee wengi huishika upande wa goti bovu. Ishikwe mkono wa upande wa pili, iende mbele pamoja na mguu unaouma. Jaribuni leo, mtaona.

Kuna na zile dawa za "asili" za maungo zinazouzwa minadani kwa kipaza sauti, ambazo mtu hunywa leo na kesho anacheza ngoma. Hizo ziogopeni kuliko punje. Mwaka 2022 Marekani walikuta dawa ya viungo iliyouzwa kwa jina la asili, kumbe imefichwa diklofenaki na deksamethasoni. Mzee akiizoea deksamethasoni bila kujua, sukari yapanda, mifupa yadhoofika, na akiiacha kwa ghafula aweza kufa.

Kizunguzungu. Kama humpata mzee asimamapo, pengine presha hushuka, au hanywi maji ya kutosha, au dawa yake imezidi. Aketi kwanza ukingoni mwa kitanda, ahesabu mpaka sitini, ndipo asimame, na wakampime. Kama humpata akigeuka kitandani, mara nyingi sababu iko sikioni: vichembe vidogo kama vya chokaa vimehama mahali pake. Dawa yake ni ya ajabu kwa wepesi. Mganga aliyefunzwa humlaza mgonjwa, akamgeuza kichwa kwa utaratibu, vichembe vikarudi, bila kidonge wala punje. Mwulizeni hospitalini kwa habari hiyo. Usingizi nao hutibiwa mara nyingi kwa kutazama saa. Kidonge cha presha kikojozacho kikinywewa jioni kitamwamsha mzee usiku kucha. Chai ya jioni vivyo hivyo, na usingizi wa mchana kutwa. Vidonge vya usingizi, na vile vya mafua vinavyoleta usingizi, humchanganya mzee akili na kumwangusha gizani njiani kwenda chooni, na nyonga iliyovunjika katika umri huo ni msiba.

Na kama mzee azipenda punje zake? Sioni sababu ya kugombana naye. Zikiwa 30C, azimung'unye. Lakini asiache kidonge hata kimoja kwa ajili yake, na atakayemwambia aache, huyo mkimbieni, hata akiwa na cheti ukutani. (Cheti chenyewe ni haki yenu kukiuliza, Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala liliwekwa na sheria ya mwaka 2002, nalo huandikisha waganga wa namna hiyo. Lakini cheti chaonyesha ni nani, hakionyeshi kwamba dawa yaponya.) Tazameni na namba. Mkiona 1X, 2X au 3X, au dawa ya maji iliyoandikwa neno tincture, hiyo haikuzimuliwa sana, na huweza kuwa na mmea wenyewe ndani yake, tena na spiriti. Mwaka 2017 Marekani walipima vidonge vya homeopathi vya watoto waotao meno, wakakuta Belladonna iliyopita kiasi katika baadhi yake. Mmea huo kwa mzee huziba mkojo na kuvuruga akili. Na fedha pia mzihesabu. Shilingi elfu arobaini ni nauli nyingi za kwenda hospitali.

Halafu mchukueni kwa yule bwana kile kilicho chema, nacho ni ile saa moja. Keti na mzee wako. Mwulize huumwa saa ngapi, amelala vipi, aogopa nini. Yaandike. Siku ya zahanati mganga akiwa na dakika zake mbili, msomee mistari mitano, naye atafanya kazi ya saa moja.

Jambo la mwisho mlishike kwa moyo. Mdomo ukienda upande, mkono ukikosa nguvu, au maneno yakivurugika ghafula, hicho ni kiharusi mpaka daktari akatae. Msimchue, msimpe kitu kinywani, hata maji. Tazameni saa, mkumbuke ilianza lini, mtafute gari dakika ile ile. Mimi nilisimama nikitazama kikombe.

Yule mama amerudi jana, safari hii na mzee mwenyewe, nyuma ya pikipiki. Zahanati walikuta presha yake 180 kwa 100, wakamrudishia vidonge na kumwandikia barua ya hospitali ya wilaya. Nilimwamkia, nikatoa karatasi na rula. Mstari wa kwanza nimeandika vidonge vya presha, kwa herufi kubwa. Mstari wa pili parasetamoli. Mzee akauliza, "Na zile tamu je?" Nikaziandika chini kabisa, usiku, akipenda. Kisha akainuka, fimbo mkono wa kulia, upande wa goti lake bovu. Nikamhamishia kushoto. Akatembea mpaka mlangoni, akageuka, akarudi tena mpaka mezani, akanitazama.

"Mbona hukuniambia mwaka jana?" akasema.